Mbu wa Dongobesh

Siku ya mnada Dongobesh hakuna anayempisha mwenzake. Mbuzi wanakatiza kati ya ndoo za plastiki, vitunguu saumu vimemwagwa juu ya maturubai, vipaza sauti viwili vinashindana, kimoja dawa ya kupe, kingine dawa ya meno, na vumbi linamkalia kila mtu bila kuuliza cheo. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamume mrefu mwenye tai, ameinua boksi la shati jipya kulielekeza kwenye jua. Shati lenyewe hakulitazama. Alikuwa anatazama mfuniko wa boksi, ule wa plastiki inayoonyesha.

"Kaka, shati linavaliwa, halisomwi," alisema mwenye meza.

Alikuwa dada wa miaka ishirini na saba hivi, sweta nyeusi juu ya gauni la kitenge cha kijani, kilemba cha njano, na tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Jina lake Genoveva Margwe. Siku za kawaida alishona sare za shule kwenye fremu yake ya duka karibu na stendi, na siku za mnada alitoa meza nje.

"Shati sihitaji," alijibu yule mwanamume. "Naomba mfuniko tu."

"Heee! Jamani njooni msikie! Nauza mashati, mwalimu, siuzi mifuniko."

"Umejuaje mimi ni mwalimu?"

"Nani mwingine anavaa tai mnadani? Na hiyo chaki hapo kwenye suruali ni unga wa sembe?"

Mwalimu alicheka akajipangusa, akajichafua zaidi. Alinunua shati lisilomtosha ili apate mfuniko wake, na Genoveva, ambaye roho ya biashara haikumruhusu mteja aondoke na mikono iliyopita vidole, akaling'ang'ania alipunguze. Kwa hiyo mwalimu aliondoka na boksi tupu mkononi, na namba yake ikabaki kwenye simu ya fundi. Ndivyo yanavyoanzaga. Mtu anajidai amefuata plastiki.

Keshokutwa yake simu ikalia.

"Mwalimu Godlisten? Njoo uchukue mikono yako."

"Na mwenye shati atapata chai?"

"Chai ipo. Ila uniambie ule mfuniko umeufanyia nini, maana sijalala vizuri."

Alikuja. Akaeleza. Genoveva hakuelewa, akaenda kuona kwa macho yake, na nyumba ya mwalimu ilikuwa nyuma ya shule, chumba na sebule, mezani kukiwa na ndege.

Siyo ya kuchezea watoto. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yalikuwa marefu kuliko mkono wa Genoveva. Ilikuwa ndege ya vita ya zamani, ya vita kuu ya pili, yenye injini mbili, na kila futi moja ya ile ya kweli hapa imekuwa nusu inchi. Ameichonga kwa mbao tupu, kwa sababu na ile yenyewe iliundwa kwa mbao. Walioiunda waliiita Mbu.

"Mbu!" Genoveva akapiga makofi. "Huku kwetu baridi imewafukuza mbu wote, wewe umesafiri kutoka Moshi kuja kutuchongea mmoja! Na hii si ilikuwa inaua watu, Godi? Unapendea nini?"

"Hatukupendea mabomu. Tulipendea viti."

Hapo ndipo alipomtaja Rogers. Rogers alikuwa mdogo wake, wamelala kitanda kimoja hadi kidato cha nne. Ndiye aliyeipata picha ya ndege hiyo kwenye kitabu kilichochanika maktaba ya shule, akaichora, akasema tazama kaka, humu rubani hakai peke yake mbele, mwenzake anakaa hapa hapa ubavuni, mabega yanagusana. Wakaapizana wataiunda, ikiwa hewani, magurudumu yamefungwa ndani na wao wawili wamekaa. Rogers akaugua ugonjwa wa damu akiwa chuo, Dar es Salaam. Alifariki katikati ya joto la Januari, analalamika baridi.

"Joto lile, Veva, jasho linatutoka sisi tuliomzunguka, na yeye anasema kaka nifunike. Nilimfunika kila kilichokuwepo. Hakikutosha."

Genoveva hakusema pole mara kumi kama wengine. Alichukua marubani wawili wa mbao waliokuwa kando ya ndege, kila mmoja hazidi kidole gumba, akawatazama. Wa kwanza alikuwa Godlisten, kidevu kile kile kirefu. Wa pili alikuwa na uso mwembamba na tabasamu la upande mmoja, umechongwa kwa ncha ya sindano.

"Kumbe alikuwa mzuri kuliko wewe," alisema. Godlisten akacheka huku machozi yanamtoka, na tangu hapo wakawa wapenzi.

Mwaka mzima walipendana vizuri, msinidanganye. Dongobesh yote ilijua. Godlisten alimsubiri afunge fremu, wakatembea naye barabara ya Mbulu kila mtu na sweta yake, wanagombania karanga. Genoveva akapewa ufunguo wa nyumba. Alijifunza kupiga msasa mbao hadi zikawa laini, alishika tochi wakati wa kupaka rangi, na alimtania hadi mwisho.

"Mimi nakaa wapi humu?"

"Ndege ya vita haibebi mke."

"Basi iko siku nitamshusha mmoja nikae mimi. Wewe ngoja."

Walicheka wote wawili. Kumbukeni utani huo, maana ndio uliowaponza.

Genoveva alikuwa anataka kitu kimoja tu, wala hakukificha. Alitaka Godlisten apande kwao Bashay, akae mbele ya baba yake, aseme nimekuja kwa sababu ya binti yako. Basi. Na Godlisten alikuwa na jibu moja.

"Nikimaliza ndege, mpenzi. Nikimaliza tu, nawaita wazee wangu kutoka Moshi."

Ndege yenyewe ilibaki nini? Rangi tayari. Mapanga ya injini ameyageuza kuwa visahani vya plastiki inayoonyesha, ili yaonekane yanazunguka. Kile kioo cha juu ya marubani, yaani ule mfuniko wa boksi, amekilainisha juu ya jiko la mkaa na kukikandamiza kwenye umbo la mbao, kimetoka safi, hakina hata mkwaruzo. Kilichobaki ni kuwakalisha wale wawili, kufunika kioo, kugandisha, kutundika. Kazi ya jioni moja. Godlisten aliikwepa kuanzia Pasaka hadi Novemba. Leo gundi haifai, kesho mitihani, keshokutwa kichwa kinauma. Mwanamume mzima anaogopa kufunika kidude cha plastiki, kwa sababu akikifunika, Rogers atakuwa amezikwa mara ya pili na kazi yao imekwisha. Hilo hakumwambia Genoveva. Alimwacha ahesabu visingizio.

Bashay nako hawakulala. Mama yake, Agatha, alimwambia wakimenya viazi, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu. Huyo mwalimu wako anasubiri nini?"

"Anamalizia ndege, mama."

"Anamalizia nini?"

Genoveva akajisikia mjinga kwa mara ya kwanza. Mama akaendelea kumenya. "Evarist amemtuma mjomba wake kwa baba yako. Yule wa duka la pembejeo, Mbulu. Ni mtu mpole. Baba yako amesema atawasikiliza sikukuu zikipita."

Desemba Godlisten akaitwa kusahihisha mitihani ya taifa, mbali, na huko simu hazishikwi ovyo. Genoveva akabaki na ufunguo. Ndipo alipopata wazo lake, na lilikuwa wazo la upendo, mimi nitamtetea hadi kesho. Kama ndege ndiyo kizuizi, basi ndege iishe. Akirudi aikute imetundikwa, abaki hana la kusema zaidi ya twende Bashay.

Jioni moja aliingia na mfuko wake wa cherehani. Kuna alichokishona kwanza, kidogo sana, hadi akajichoma sindano. Kisha akawakalisha wale ndugu wawili ubavu kwa ubavu, akafunika kioo, akagandisha kwa supa gluu. Dongobesh nzima inagandisha kwa supa gluu. Viatu, vioo vya simu, meno ya sanamu ya Mtakatifu kanisani, kila kitu. Nani alimwambia kwamba kioo cha plastiki kina gundi yake? Mwenyewe aliyejua alikuwa na chupa ya gundi nyeupe kabatini tangu Pasaka, hakuifungua wala hakuitaja.

Aliitundika kwa waya darini, pua juu kidogo, akaizima taa akiwa anatabasamu. Asubuhi yake alikuta kioo kimekuwa cheupe kwa ndani, cheupe kama dirisha la jiko asubuhi ya Julai. Alikipangusa kwa nje, wapi. Mvuke wa gundi ulikuwa umekula plastiki. Alimpigia Godlisten hadi chaji ikaisha.

Mwalimu alirudi Januari, amenunua zawadi ya kitenge. Akafungua mlango. Genoveva alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono magotini.

"Godi, kabla hujatazama, nisikilize."

Ameshatazama. Alipanda juu ya stuli, akasogeza uso hadi pua ikagusa. Ndani ya ule ukungu hukuona uso wala kidevu. Uliona kivuli upande wa rubani, na upande wa pili, kwenye kiti cha Rogers, uliona wekundu. Kitambaa chekundu.

"Umefanya nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeimalizia. Nilitaka ukirudi twende nyumbani. Gundi imeniharibia, nisamehe, sikujua..."

"Nauliza hicho chekundu. Hicho ni nguo. Umemvalisha nani gauni, Genoveva? Uko kwenye kiti cha Rogers, si ndiyo? Ulisema utamshusha mmoja ukae wewe."

Genoveva alisimama taratibu. "Unafikiri mimi nimemtoa marehemu wako?"

"Ulisema mwenyewe!"

"Nilisema nikicheka, na wewe ulicheka. Fungua uone."

"Nikifungua navunja. Imegandishwa yote."

"Basi vunja, Godi. Vunja uone."

"Umemtupa wapi ndugu yangu?"

Angeweza kueleza. Neno moja tu lingetosha, na mimi mwenyewe namlaumu hapo. Lakini mtu uliyempa mwaka wako akikuuliza umetupa wapi maiti, ulimi unakuwa mzito, na kwa Margwe hawakulelewa kujitetea kama wezi. Aliweka ufunguo mezani juu ya kile kitenge cha zawadi.

"Nimekwambia fungua," alisema. "Sisemi tena."

"Toka," alisema Godlisten. Akatoka.

Mnadhani alifungua usiku ule? Wapi! Kila jioni alikaa chini ya ndege ile na wembe mkononi. Akifungua akamkuta Genoveva mle ndani, itabidi amchukie mwanamke anayempenda. Akifungua akamkuta Rogers, itabidi akapige magoti Dongobesh nzima ikiona. Aliogopa yote mawili, akarudisha wembe kwenye karatasi yake.

Mwishoni mwa Februari simu iliita. Ni yeye.

"Mambo, mwalimu."

"Poa. Wewe?"

"Nipo. Umefungua?"

"Bado."

"Godi, nisikilize vizuri. Baba amewapa watu wa Evarist nafasi. Wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Mimi nimewazuia nilivyoweza. Fungua, halafu unipigie. Hata usiseme kitu, piga tu nione jina lako."

"Usinitishe na Evarist."

"Sikutishi, mpenzi." Alikohoa kidogo. "Nakuomba."

Genoveva alilala na simu chini ya mto hadi hiyo Jumamosi. Simu iliita sana, wateja wa sare, mitandao ya simu, hata mtu aliyekosea namba kutoka Singida. Jina lile halikutokea.

Uhamisho wa Godlisten ukatoka Mei, Katesh, wilaya ya Hanang, chini ya mlima. Alifunga vitabu, akafunga sufuria, akabaki na ndege. Haikuingia kwenye boksi lolote ikiwa nzima. Alipoishusha kwenye waya ikamponyoka, pua ikagonga ukingo wa meza, na kioo kikapasuka pembeni. Basi, akawa hana kisingizio tena. Aliingiza wembe kwenye ufa akakata.

Rubani alikuwepo, kidevu chake kirefu. Na ubavuni mwake, bega kwa bega, alikuwepo Rogers na tabasamu lake la upande mmoja, kwenye kiti chake mwenyewe. Amefunikwa blanketi. Blanketi jekundu dogo kuliko stempu mbili, limepindwa pindo pande zote nne kwa uzi mwekundu, limezungushwa mabegani na kufungwa mbele kifuani, kama wanavyomfunga mgonjwa huku juu Mbulu anapotolewa nje asubuhi aote jua.

Godlisten alilia kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta.

Kesho yake, Jumamosi, fremu ya Genoveva ilikuwa imefungwa. Muuza chipsi wa jirani akasema dada yupo kwao. Jumapili asubuhi mwalimu alipanda bodaboda hadi Bashay, shati lile lile la mnadani, mikono imepunguzwa vizuri kwenye kifundo. Yeye ni Mlutheri, lakini aliingia kanisani kwa Wakatoliki akasimama nyuma na wanaume waliochelewa. Genoveva alikuwa benchi la tatu. Misa ikaenda hadi matangazo, na katekista Renatus, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasoma.

"Ndoa. Tangazo la tatu na la mwisho. Evarist Tluway wa Mbulu mjini, na Genoveva Margwe wa hapa Bashay. Mwenye kujua kizuizi chochote amweleze padre."

Watu walikohoa kama wanavyokohoa kila Jumapili. Godlisten alishika ukuta.

Walikutana nje, upande wa tangi la maji, watu wote wanawaona na wote wanajifanya wanasalimiana. Agatha aliwatazama mara moja, akawageuzia mgongo makusudi ili wengine nao wageuke.

"Shikamoo mama," Godlisten alisema.

"Marahaba," alijibu bila kugeuka.

Genoveva alikuwa na sweta ileile nyeusi. Amekonda shingo. "Umefungua," alisema.

"Juzi."

"Juzi." Alitikisa kichwa. "Yupo?"

"Yupo. Umemfunika."

"Ulisema alikufa na baridi. Ndege ile iko juu, Godi, na huko juu si kuna baridi zaidi? Niliona siwezi kumfungia kioo hivi hivi."

"Nisamehe. Veva, nisamehe, mimi ni mjinga, nilikuwa..."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe ile Februari, ndiyo maana nilipiga." Alifuta jicho kwa kiganja, haraka. "Unajua kile kitambaa ni cha nini? Ni pindo la gauni langu. Nilishona gauni jekundu la siku wazee wako watakapokuja. Nikalipunguza inchi mbili nikamshonea shemeji yangu."

Godlisten akauliza, na hata yeye alijua ni swali la kijinga, "Ulilivaa?"

"Nililivaa. Walikuja wageni wengine."

Kengele ya misa ya pili ikagonga. Waumini wakaanza kusogea.

"Naingia kwa padre," Godlisten alisema. "Namwambia kipo kizuizi. Unanipenda, na mimi nakupenda. Sema siyo kweli."

"Ni kweli. Nakupenda, na hilo nitaungama mwenyewe siku nikiweza. Lakini utamwambia padre kizuizi gani? Kwamba ulikuwa na wembe tangu Januari?" Hakupandisha sauti. "Ulikubali mimi niwe mtu wa kumtupa ndugu yako, mwezi baada ya mwezi, kuliko kuvunja plastiki. Sasa ukinioa, siku nyingine ukiona chekundu kingine utafanyaje? Evarist simpendi hivi ninavyokupenda. Ila Evarist akisikia neno langu, anaamka anaangalia."

"Veva."

"Mpeleke salama Katesh. Upepo wa mlima ule ni mkali. Usimvue."

Akarekebisha sweta, akaenda kusimama na mama yake.

Waliooana wameoana, wana fremu mbili sasa, na mimi sina baya la kusema juu ya Evarist. Godlisten yuko Katesh. Alinunua shati jingine lisilomtosha, akalainisha mfuniko wake juu ya mkaa, na safari hii akagandisha kwa gundi nyeupe. Kioo kimetoka safi. Ndege imetundikwa sebuleni, inapanda, na ukisimama kando yake unawaona wote wawili.

Jirani yake mpya, Mwalimu Kissa wa kutoka Mbeya, alikaribishwa chai Jumapili moja akaitazama hadi shingo ikamuuma.

"Hawa ni akina nani?"

"Huyu mimi. Huyu mdogo wangu, marehemu."

"Ohoo, pole sana. Na hili blanketi jamani, limeshonwa hadi pindo! Nani amemfunika?"

"Shemeji yake," alisema Godlisten.

Kissa aliangaza macho mle sebuleni, viti viwili, kikombe kimoja kwenye rafu, shati moja msumarini. "Kumbe una mke, mwalimu? Yuko wapi?"

Godlisten alimsogezea sukari. "Kunywa, Mwalimu Kissa. Chai ya huku inapoa haraka."